Hesabu ya Mto



Juma hili nataka tufanye hesabu pamoja. Usiogope, ndugu msomaji, hesabu yenyewe si ngumu. Mtu ajuaye kupima mahindi kwa debe anaweza kuifuata mpaka mwisho. Ni hesabu ya mto.

Nikikuuliza una mbuzi wangapi, utanijibu mara moja. Nikikuuliza ulivuna magunia mangapi ya mpunga mwaka jana, utafikiri kidogo, kisha utanijibu. Lakini nikikuuliza mto wa kwenu unapitisha maji kiasi gani mwezi wa Oktoba, utasema nini? Labda utasema, "Siku hizi yamepungua." Naye jirani yako akaaye bonde la chini atasema, "Yamepungua wapi? Watu wa juu wameyamaliza!" Hapo ndipo ugomvi unapoanza, maana kila mmoja anasema kwa macho yake tu, wala hapana mwenye kipimo mkononi.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa maji wametunga njia ya kuuhesabu mto mzima, tangu mvua inapoanguka mlimani mpaka maji yanapopita chini ya daraja. Zamani walihesabu kwa kalamu na karatasi, na kazi ya mwaka mmoja ilimchosha mtu miezi. Siku hizi wanatumia kompyuta. Watu wengi wakisikia neno hilo hudhani ni mambo ya mjini yasiyowahusu. Mimi nasema yanamhusu kila mwenye mfereji, na nitaonyesha kwa nini.

Mvua ya eka moja

Tuanze na mvua. Mvua ya milimita moja, ikianguka mahali penye urefu wa mita moja na upana wa mita moja, ni lita moja kamili. Eka moja ni mita za mraba 4,000 na kidogo. Basi mvua moja nzuri ya milimita 20 humwaga katika eka yako lita 80,000, yaani madebe 4,000. Hayo ni mengi kuliko utakayobeba nyumbani kwa miaka kadhaa, nayo yameanguka kwa alasiri moja.

Yamekwenda wapi? Mengine yalishikwa na majani ya miti na kukauka hapo hapo. Mengine yalitelemka juu ya ardhi mpaka kijitoni siku ile ile, na ukayaona ni mekundu kwa udongo. Mengine yaliingia ardhini, mizizi ikayanywa, majani yakayatoa tena hewani. Na mengine yalizama chini kabisa, yakakaa huko miezi mingi, kisha yakatoka polepole katika chemchemi. Hayo ya mwisho ndiyo yanayouweka mto hai wakati wa kiangazi. Mto unaouona mwezi wa Oktoba ni mvua ya mwezi wa Machi iliyokawia njiani.

Mjapani mmoja, mtaalamu Masami Sugawara, aliyaeleza mambo hayo kwa mfano mwepesi sana. Alisema, tuifikirie nchi kama matangi yaliyopangwa moja juu ya jingine. Sisi tuseme mitungi. Kila mtungi una tundu ubavuni na tundu chini. Mvua inaingia katika mtungi wa juu. Tundu la ubavuni linamwaga mtoni, na tundu la chini linapitisha maji kwa mtungi unaofuata. Mtungi wa juu una matundu makubwa, nao ndio unaoleta mafuriko. Mtungi wa chini kabisa una tundu dogo sana, nao ndio unaoleta maji ya kiangazi.

Huko Marekani, mwaka 1966, Norman Crawford na Ray Linsley wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapa hesabu ya namna hiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta. Ilikuwa miongoni mwa za kwanza kufuata maji ya bonde zima bila kuruka hatua. Kompyuta za wakati ule zilijaza chumba. Leo kazi kama hiyo hufanywa na mashini unayoweza kuipakata magotini, na programu nyingine za kufanyia kazi hiyo hutolewa bure.

Kompyuta haijui kitu

Sasa utaniuliza, "Hiyo kompyuta imejuaje ukubwa wa matundu ya nchi yetu?" Umeuliza vema. Jibu ni kwamba haijui. Lazima ifundishwe.

Kwanza inapewa daftari la mvua na daftari la mto, tuseme la miaka 20. Mtaalamu anakisia ukubwa wa matundu, kompyuta inahesabu, kisha analinganisha: je, mto wa kwenye hesabu unafanana na mto wa kweli? Ikiwa mafuriko ya hesabu ni makubwa mno, anapunguza tundu la juu. Ikiwa kiangazi cha hesabu ni kikavu mno, anatengeneza tundu la chini. Anarudia mara nyingi.

Lakini hatumii miaka yote 20. Baadhi yake anaificha. Kazi ikiisha ndipo anaijaribu kompyuta kwa miaka ile iliyofichwa. Ni kama mwalimu mwenye akili: hampi mtoto mtihani wa hesabu zile zile alizokwisha kuonyeshwa majibu yake. Mwaka 1970 wataalamu wawili, Nash na Sutcliffe, walitoa kipimo cha kuitilia alama hesabu ya namna hiyo. Ikipata 1, imelingana na mto kabisa. Ikipata 0, haikumshinda mtu ambaye kila siku angejibu wastani tu, bila kufikiri. Na ikipata chini ya 0, heri mtu yule asiyefikiri.

Basi matundu hayafanani mahali pote. Katika miaka ya mwisho ya 1950 na miaka ya 1960 ulifanyika uchunguzi mkubwa katika nchi zetu tatu za Afrika ya Mashariki. Karibu na Mbeya zilichaguliwa korongo mbili za mlimani, moja yenye msitu, nyingine yenye mashamba ya wenyeji. Mvua ilipimwa, na vijito vikapimwa, miaka kumi hivi. Kila mtu angedhani kijito cha msituni kitakuwa na maji mengi zaidi. Haikuwa hivyo. Kijito cha mashambani kilitoa maji mengi zaidi, hata wakati wa kiangazi, maana miti ile yenye mizizi mirefu ilikuwa inakunywa mwaka mzima.

Usikimbilie shoka, ndugu yangu! Udongo wa korongo zile ni wa majivu ya volkano, unameza mvua upesi hata ukilimwa. Wakati ule ule, kule Atumatak katika nchi ya Karamoja, Uganda, palipimwa mahali ambapo ng'ombe walikuwa wamemaliza majani na ardhi imekuwa ngumu. Huko mvua haikuingia ardhini; ilikimbia juu juu na kuuchukua udongo. Fundisho ni hili: kila nchi ina matundu yake. Usichukue hesabu ya mlima wa watu ukaivika mlima wenu bila kupima.

Mtungi wa Ihefu

Tutoke mlimani Mbeya, tutelemke mpaka tambarare ya Usangu, wilaya ya Mbarali. Huko ndiko hesabu hii ilikofanya kazi kubwa, na ndiko ugomvi wa maji ulikokuwa mkali.

Mito ya milima ya kusini, Mbarali, Kimani, Chimala na mingineyo, hutelemkia Usangu na kuungana na Ruaha Mkuu. Maji hukusanyika katika kinamasi cha Ihefu. Mwisho wa kinamasi, mahali paitwapo N'giriama, pana kizingiti cha mwamba. Maji yakipanda juu ya mwamba huo, mto huendelea kupitia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hufika bwawa la Mtera, kisha Kidatu, na mwisho huingia Rufiji. Maji yakiwa chini ya mwamba, hayapiti hata tone. Ihefu ni mtungi mkubwa: hautoi kitu mpaka ujae hadi mdomoni.

Tangu mwaka 1993 watu wa hifadhini waliona jambo jipya. Mto Ruaha Mkuu, uliokuwa ukipita mwaka mzima, ulikatika wakati wa kiangazi. Ukakatika tena mwaka uliofuata, na mwingine. Viboko walisongamana katika madimbwi yaliyobaki, na samaki wakafa.

Lawama zikaanza. Wengine walisema ni wakulima wa mpunga. Wengine walisema ni wafugaji na ng'ombe wao. Wengine walisema ni mvua tu imepungua. Na umeme wa nchi ulipokatwa katika miaka ile ya 1990, lawama zikawaangukia watu wa Usangu, kwamba wameikausha Mtera.

Ndipo hesabu ilipohitajika. Japhet Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, pamoja na wenzake, walichukua vipimo vya mito tangu 1958 hadi 2004, na picha zilizopigwa kutoka angani, wakatengeneza hesabu ya kinamasi cha Ihefu katika kompyuta. Waliichapa mwaka 2006. Haya ndiyo waliyoyaona.

Katika muda ule, maji yanayoingia Ihefu wakati wa kiangazi, Julai hadi Novemba, yalikuwa yamepungua kwa karibu asilimia 70. Sababu kubwa ilikuwa matumizi ya watu huko juu, hasa umwagiliaji. Kinamasi cha kiangazi kilikuwa kimenywea kutoka kilomita za mraba 160 hadi 93. Nao wakauliza swali la maana zaidi: ili mto usikatike hifadhini, ili lita 600 tu hivi zipite kila sekunde, yaani madebe 30, yaingie maji kiasi gani katika Ihefu?

Jibu lilikuwa: karibu lita 7,000 kila sekunde, ndiyo madebe 350. Tena hayo yalikuwa kama mara mbili ya yale yaliyokuwa yakiingia wakati ule.

Utashangaa. Yaingie madebe 350 ili yatoke 30? Hayo mengine yanakwenda wapi? Tuyatafute kwa mkono wetu. Tuseme jua la kiangazi linakunywa milimita 6 kwa siku. Kinamasi ni kilomita za mraba 93, yaani mita za mraba 93,000,000. Zidisha kwa 6: ni lita 558,000,000 kwa siku moja. Siku ina sekunde 86,400. Gawanya, utapata karibu lita 6,500 kila sekunde. Ongeza zile 600 zinazopita juu ya mwamba, ni karibu 7,000. Kumbe si uchawi! Jua ndilo linalokunywa kwanza, na mto wa chini unapewa masazo. Ukipunguza kinachoingia, jua halipunguzi kikombe chake upesi. Wa chini ndiye anayekosa.

Na ule umeme? Kila lawama yafaa ipewe hesabu yake yenyewe. Mtera hujazwa na maji mengi ya wakati wa mvua, wala si na yale machache ya kiangazi. Hesabu nyingine ya kompyuta, iliyochapwa mwaka 2003, ilionyesha kwamba namna maji yalivyoachiwa kutoka bwawani nayo ilikuwa na sehemu yake katika upungufu ule. Basi hesabu ile ile iliyowaonyesha wakulima deni lao, iliwaondolea deni jingine ambalo halikuwa lao peke yao. Ndiyo maana naipenda hesabu. Haiangalii uso wa mtu.

Banio lako na langu

Sasa tuje kwako, msomaji wangu mwenye mfereji. Hata kama hukai Usangu, neno hili ni lako, maana mabanio yako Kilimanjaro, yako Morogoro, yako Iringa.

Mkulima wa mpunga si mwizi. Analima ale, awasomeshe watoto, na mchele wake unaliwa na nchi nzima. Wala hakuna anayemwambia afunge banio wakati wa mvua, maji yakiwa tele. Swali ni la kiangazi. Mpunga umekwisha kuvunwa, majaruba yamekauka, na bado maji yanaingia mferejini usiku na mchana. Kwa nini? Mara nyingi kwa sababu watu wa kijiji wanachota humo maji ya kunywa na kupikia.

Haya, tuhesabu tena. Tuseme kijiji kina watu 1,000, na kila mtu anatumia debe moja kwa siku. Ni lita 20,000 kwa siku. Ukigawanya kwa sekunde za siku nzima, haifiki hata robo ya lita kila sekunde. Na tuseme mfereji wenyewe unachukua lita 50 kila sekunde. Basi kijiji kinachukua mtoni zaidi ya mara 200 ya kinachohitaji kunywa! Hayo mengine yanapotea katika majaruba matupu, yanaota magugu, yanazalisha mbu, na jua linayanywa. Kisima kimoja kizuri chenye pampu, au bomba moja dogo, lingewapa watu maji masafi kuliko yale ya mferejini, na banio lingefungwa mpaka wakati wa kuandaa vitalu.

Najua si rahisi. Kisima kinataka fedha. Tena anayefunga banio peke yake, huku wa juu yake amefungua, anajiona mjinga. Kwa hiyo jambo hili haliwezekani kwa mtu mmoja mmoja. Sheria ya maji ya mwaka 2009 inataka mwenye kuchepusha maji ya mto awe na kibali, na inawapa watu nafasi ya kuunda jumuiya ya watumia maji. Katika jumuiya hiyo wa juu na wa chini hukaa katika kikao kimoja, nao hupanga zamu. Lakini zamu bila kipimo hurudi kuwa ugomvi. Mwulizeni mtaalamu wa bodi ya maji ya bonde lenu: mto wetu una kiasi gani mwezi wa Oktoba? Mfereji wetu unachukua kiasi gani? Tukifunga siku tatu kwa juma, wa chini atapata nini? Swali hilo la mwisho ndilo linalojibiwa na kompyuta, maana inaweza kujaribu zamu kumi katika hesabu kabla ninyi hamjajaribu hata moja mtoni.

Mwenye daftari

Nimebakiza mtu mmoja, naye nimemweka mwisho makusudi.

Pengine katika kijiji chenu kuna mtu, mwalimu au mkulima, aliyepewa kazi ya kusoma kipimo cha mvua saa tatu asubuhi, au kusoma ubao uliosimikwa mtoni. Posho yake ni ndogo, na pengine inachelewa. Watoto wanamcheka, eti kazi yake ni kutazama maji. Siku ya mvua kubwa, wengine wote wamejifungia ndani, yeye anatelemka kwenye tope kwenda kuandika namba moja.

Namba ile ndiyo chakula cha kompyuta. Bila yeye, yule mwenye mashini mjini hana kitu. Akiwa mwaminifu miaka 20, mjukuu wake atajua mto ulikuwaje kabla hajazaliwa. Lakini akiwa mvivu, akakaa nyumbani na kujaza daftari kwa kukisia, ameufundisha mto uongo. Kompyuta haiwezi kumwambia, "Hapa hukwenda." Itahesabu uongo wake kwa uangalifu ule ule, na daraja litajengwa kwa uongo huo, na zamu za maji zitapangwa kwa uongo huo. Heri nafasi tupu katika daftari kuliko namba ya kubuni. Nafasi tupu husema kweli, kwamba siku hiyo hakuna aliyepima.

Basi kama mtu huyo ni wewe, kaza moyo. Kama ni jirani yako, usimcheke. Na mvulana akichezea kipimo kwa mawe, mkanye kama ungemkanya anayechezea mizani ya duka lako. Ndiyo mizani tutakayopimiwa maji sote, wa juu na wa chini.

Kabla hatujaagana nakupa kazi ya nyumbani. Siku moja kiangazi hiki, chagua mahali mto wenu ulipo sawa, umenyoka. Pima upana wake kwa hatua za mita, na kina chake kwa fimbo mahali patatu au pane, upate wastani. Pima mita kumi ukingoni, tupa kijiti majini, na uhesabu sekunde mpaka kifike mwisho. Gawanya kumi kwa sekunde hizo, upate mwendo. Zidisha upana kwa kina kwa mwendo. Punguza kidogo, kama sehemu moja katika tano, maana maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu. Utapata mita za ujazo kwa kila sekunde, na kila mita moja ya ujazo ni madebe 50.

Andika namba hiyo pamoja na tarehe. Mwakani siku kama hiyo rudi tena. Na jirani wa chini akija kulalamika, mchukueni kijiti, mwende mtoni mkapime pamoja.

Kwa herini, hadi juma lijalo.